Mikono Juu: Tuhuma Iliyoutangulia Ushahidi

Tarehe 4 Machi 2015, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti mbili kwa mpigo, zote zikihusu Ferguson, mji mdogo wa jimbo la Missouri wenye watu wapatao 21,000. Ripoti ya kwanza ilisema Darren Wilson, askari mzungu aliyempiga risasi na kumuua kijana mweusi Michael Brown, hana kesi ya kujibu katika mahakama za shirikisho. Ilisema pia kwamba ile habari iliyoenea duniani kote, ya kijana aliyeuawa huku ameinua mikono kusalimu amri, haikusimama mbele ya ushahidi. Ripoti ya pili ilisema polisi wa mji huohuo, wakishirikiana na mahakama ya mji, walikuwa wakiwabagua watu weusi na kuwakamua fedha mwaka baada ya mwaka.

Wengi walisoma moja tu. Aliyetaka kuwatetea polisi aliibeba ya kwanza akaitupa ya pili, na aliyetaka kuwashutumu akafanya kinyume chake. Mimi nachukia ubaguzi wa polisi, na kwa sababu hiyohiyo nasema ile ripoti ya kwanza inatuhusu sisi tunaouchukia kuliko inavyowahusu wengine wote.

Tuanze na siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, 9 Agosti 2014, karibu saa sita mchana. Wilson, akiwa ndani ya gari la polisi, aliwakuta Brown, aliyekuwa na umri wa miaka 18, na rafiki yake wakitembea katikati ya barabara ya Canfield Drive, akawaambia wapande kando. Pakazuka purukushani kwenye dirisha la gari, risasi mbili zikafyatuka. Brown akakimbia, Wilson akashuka na kumfuata. Muda mfupi baadaye Brown alikuwa amelala chini, amekufa.

Rafiki yake aliwaambia waandishi kwamba Brown alipigwa risasi mgongoni akikimbia, akageuka na kuinua mikono, akamwambia askari kwamba hana silaha, na ndipo akamaliziwa. Maneno hayo yalienea mtaani saa ileile. Mwili ulibaki barabarani, kwenye jua la kiangazi, kwa karibu saa nne, wazazi wakiwa wamezuiwa nyuma ya utepe wa polisi. Jina la askari lilifichwa hadi tarehe 15, na siku hiyohiyo lilipotajwa, polisi wakatoa video ya dukani iliyomwonyesha Brown akichukua sigara bila kulipa na kumsukuma muuza duka. Watu wa Ferguson waliiona video ile kama jaribio la kumchafua marehemu kabla hajazikwa. Kwa siku sita mfululizo simulizi moja ndiyo iliyoutawala mji, na polisi walisema machache.

Ishara ya mikono miwili juu ikawa alama ya maandamano nchi nzima. Tarehe 30 Novemba wachezaji watano wa timu ya St. Louis Rams waliingia uwanjani wakiwa wameinua mikono. Siku iliyofuata wabunge kadhaa walifanya ishara hiyo ndani ya ukumbi wa Bunge, Washington.

Wakati huo wapelelezi wa shirikisho walikuwa kazini. Walipita kwenye nyumba zaidi ya 300 wakitafuta mashahidi. Mwili ulifanyiwa uchunguzi mara tatu: na kaunti, na mtaalamu aliyeletwa na familia, na madaktari wa jeshi. Wizara iliyosimamia kazi hiyo ilikuwa chini ya Eric Holder, mtu mweusi wa kwanza kuwa mwanasheria mkuu wa Marekani. Kama kuna ofisi iliyokuwa na kila sababu ya kumfungulia Wilson kesi, ilikuwa hiyo.

Walichokuta kilikuwa hiki. Jeraha la mkononi lilionyesha kwamba Brown alipigwa risasi ya kwanza akiwa karibu sana na bunduki, na vinasaba vyake vilikutwa ndani ya gari na kwenye nguo za Wilson, jambo lililokubaliana na maelezo ya askari kwamba kijana aliingiza mwili dirishani wakapambana. Hakukuwa na jeraha la risasi mgongoni. Matone ya damu barabarani yalionyesha kwamba baada ya kukimbia Brown aligeuka na kurudi kuelekea kwa askari umbali wa zaidi ya mita 6. Mashahidi waliosema aliinua mikono kusalimu amri walichambuliwa mmoja mmoja. Wengine maelezo yao yaligongana na vipimo vya madaktari, wengine yaligongana na yale waliyoyasema wenyewe mwanzoni, na wapo waliokiri kwamba hawakuona tukio bali walisikia watu wakisimulia. Kwa upande mwingine, baadhi ya waliothibitisha maelezo ya Wilson waliogopa kujitokeza. Ripoti inataja mabango yaliyobandikwa kwenye mtaa huo yakiwatishia wachongezi.

Kisheria hilo lilitosha Wilson asishtakiwe na serikali ya shirikisho. Kwa watu wengi halikutosha hata kidogo, na mwaka 2020 mwendesha mashtaka mpya wa Kaunti ya St. Louis, Wesley Bell, aliifungua upya kazi yote. Bell ni mweusi, na mwaka 2018 alimshinda mtangulizi wake kwa kura za watu waliokasirishwa na jinsi suala la Brown lilivyoshughulikiwa. Tarehe 30 Julai 2020 naye alitangaza kwamba ushahidi haumruhusu kumshtaki Wilson.

Wakati huo Wilson alikuwa ameshaacha upolisi zamani. Alijiuzulu mwishoni mwa Novemba 2014 akieleza kwamba kuendelea kwake kungewahatarisha wenzake na wakazi wa mji, kisha akaishi mahali palipofichwa. Alikuwa na umri wa miaka 28. Sisemi kwamba alikuwa askari wa mfano, wala kwamba kifo cha kijana asiye na silaha ni jambo la kupita hivihivi. Nasema alituhumiwa kumuua mtu aliyesalimu amri kwa sababu ya rangi yake, ushahidi ukakataa tuhuma hiyo, na hakuna aliyeweza kumrudishia maisha aliyokuwa nayo.

Kuna gharama nyingine iliyolipwa na watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na Canfield Drive. Tarehe 20 Desemba 2014, huko Brooklyn, New York, askari wawili, Wenjian Liu na Rafael Ramos, waliuawa wakiwa wamekaa ndani ya gari lao. Muuaji, ambaye asubuhi ileile alikuwa amempiga risasi mwanamke aliyekuwa mpenzi wake, aliandika mtandaoni kwamba analipiza vifo vya Michael Brown na Eric Garner, mtu mweusi mwingine aliyekufa mikononi mwa polisi. Lawama za damu ile ni zake peke yake. Maelfu walioandamana kwa amani hawakumtuma. Lakini kisingizio alichokishika kilikuwa kimeshapikwa na kuiva kabla hajakigusa.

Sasa ile ripoti ya pili. Watu weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi wa Ferguson. Kati ya mwaka 2012 na 2014 walikuwa asilimia 85 ya madereva waliosimamishwa, asilimia 90 ya walioandikiwa makosa, na asilimia 93 ya waliokamatwa. Magari ya weusi yalipekuliwa mara mbili zaidi ya magari ya wazungu, ingawa wapekuzi walikuta vitu haramu kwa nadra zaidi katika magari ya weusi. Katika kila tukio la mbwa wa polisi kumng'ata mtu, ambapo rangi ya mtu ilijulikana, aliyeng'atwa alikuwa mweusi. Uongozi wa mji ulikuwa ukiwasukuma polisi waongeze faini kwa sababu bajeti ilizitegemea.

Mwanamke mmoja mweusi aliegesha gari vibaya mwaka 2007. Alitakiwa kulipa dola 151 pamoja na ada. Maisha yake yalikuwa magumu, akakosa tarehe za mahakama, faini zikazaa faini. Alikaa jela siku 6, akalipa jumla ya dola 550, na ilipofika Desemba 2014 bado alidaiwa dola 541. Mwingine, mwanamume aliyekuwa amekaa ndani ya gari lake akipumzika baada ya kucheza mpira wa kikapu, alizibwa njia na askari aliyemtuhumu, bila msingi wowote, kwamba anawinda watoto. Aliandikiwa makosa manane. Moja lilikuwa kutofunga mkanda ndani ya gari lililoegeshwa, na jingine kutoa taarifa ya uongo kwa kusema anaitwa Mike badala ya Michael. Akapoteza kazi yake.

Ukishayajua hayo, huwezi kuwashangaa watu wa Canfield Drive kwa kuamini walichoambiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyesimamishwa mara tano bila kosa, akisimamishwa mara ya sita kwa kosa la kweli, ataona ubaguzi, na huyo hasemi uongo. Tofauti kati ya mtu aliyehisi amebaguliwa na mtu aliyebuni maneno ambayo askari hakuyatamka ni kubwa, na wanaopenda kuyachanganya hayo mawili, ili kila mlalamikaji aonekane mzushi, wanatenda dhuluma nyingine.

Baada ya ripoti ya pili, hakimu wa mji, meneja wa mji na mkuu wa polisi, Thomas Jackson, wote walitangaza kuondoka ndani ya wiki moja. Mwaka uliofuata mji ulitia saini makubaliano ya kubadilisha polisi na mahakama yake chini ya usimamizi wa jaji. Ushindi huo haukuletwa na ishara ya mikono juu. Uliletwa na mafaili: barua pepe za maofisa, daftari za faini, orodha za waliokamatwa. Mwanamke wa dola 151 hakuhitaji mtu amtilie chumvi kisa chake. Bahati mbaya ni kwamba hadi leo ukimtaja kwa mtu asiyependa kusikia, atakujibu kwamba habari ya Ferguson ilikuwa uongo. Mwandishi mweusi wa Washington Post wakati huo, Jonathan Capehart, alikuwa miongoni mwa wachache walioliona hilo mapema. Ndani ya wiki mbili baada ya ripoti hizo aliwaandikia wasomaji wake waziwazi kwamba ile simulizi ya mikono juu ilikuwa na msingi mbovu, na bila kupunguza neno lolote kuhusu ubaguzi wa polisi wa mji ule. 

Tuhuma za Ferguson zilizaliwa katika vurugu, na wengi waliozibeba waliziamini. Kilichotokea Wappingers Falls, jimbo la New York, kilikuwa kingine kabisa. Mwishoni mwa Novemba 1987 msichana mweusi wa miaka 15 alikutwa ndani ya mfuko wa taka, amepakwa kinyesi na kuandikwa matusi ya kibaguzi mwilini. Ilisemekana ametekwa na kubakwa na kundi la wazungu, miongoni mwao mtu wa vyombo vya dola. Taifa zima lilitikisika, na ilikuwa haki litikisike. New York ilikuwa imetoka tu kushuhudia kijana mweusi, Michael Griffith, akifukuzwa na kundi la wazungu huko Howard Beach hadi akagongwa na gari na kufa, Desemba 1986.

Siku chache baada ya msichana kupatikana, askari wa muda wa mji jirani alijiua. Jina lake likaingizwa mara moja katika orodha ya washukiwa. Mwendesha mashtaka msaidizi wa kaunti, Steven Pagones, alipojitokeza kusema kwamba alikuwa na askari huyo wakati unaotajwa, naye akatangazwa kuwa mbakaji. Waliomtangaza walikuwa washauri watatu wa familia: mchungaji Al Sharpton na mawakili Alton Maddox na C. Vernon Mason. Wakati huohuo walimshauri msichana na mama yake wasitoe ushahidi.

Jopo la raia lililoundwa kupima kama kuna kesi lilifanya kazi miezi saba, likasikiliza mashahidi 180, na Oktoba 1988 likatoa ripoti ya kurasa 170. Hitimisho lake ni kwamba hakukuwa na utekaji wala ubakaji, na kwamba si Pagones wala yule askari aliyehusika. Ninapomfikiria yule askari ndipo ninaposhindwa kulivumilia jambo hili. Alikuwa ameondoka duniani kwa huzuni zake mwenyewe, na kifo chake kikafanywa ushahidi wa kosa ambalo halikutendeka, wakati yeye hana tena kinywa cha kujitetea.

Pagones alishtaki kwa kuchafuliwa jina. Hukumu ilitoka mwaka 1998, miaka kumi baada ya ripoti: Mason alitakiwa kulipa dola 185,000, Maddox 95,000, Sharpton 65,000. Deni la Sharpton lililipwa na marafiki zake mwaka 2001. Yeye mwenyewe aliendelea kupanda hadi kuwa mmoja wa viongozi mashuhuri wa haki za kiraia. Yule msichana, aliyesukumwa mbele ya kamera akiwa na miaka 15, naye alihukumiwa kulipa, na mwaka 2013, akiwa mwanamke mzima, mshahara wake ulianza kukatwa. Watu wazima waliomtumia ndio waliopaswa kubeba mzigo mzito zaidi, na sivyo ilivyokuwa.

Tuhuma nyingi dhidi ya askari leo hupimwa kwa muda mfupi zaidi, na sababu ni kamera ndogo inayovaliwa kifuani. Aprili 2018 kiongozi wa tawi la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, katika mji wa Timmonsville, South Carolina, aliandika mtandaoni kwamba askari alimsimamisha kwa sababu ya rangi yake na kumtuhumu kubeba dawa za kulevya. Polisi wakatoa video. Askari anasikika akimweleza kwa upole kwamba hakuwasha indiketa, na habari za dawa za kulevya hazitajwi. Mwezi uliofuata, huko Texas, mwanamke mweusi aliyekamatwa kwa tuhuma za kuendesha gari akiwa amelewa alimtuhumu askari mzungu kwamba alimdhalilisha kingono. Wanaharakati wenye mamilioni ya wafuasi wakaieneza habari, jina la askari likazagaa. Siku mbili baadaye polisi wa jimbo walitoa video ya karibu saa mbili, na hakuna lolote kati ya hayo lililoonekana. Wakili wa mwanamke huyo aliomba radhi hadharani. Najua waliomcheka kwa hilo. Mimi namheshimu, kwa kuwa ni rahisi zaidi kuifuta habari kama ile kimyakimya na kuendelea na mengine.

Lakini siku hizo mbili za Texas zinaniuma kwa sababu nyingine. Oktoba 20, 2014, askari wa Chicago alimpiga kijana mweusi wa miaka 17, Laquan McDonald, risasi 16. Maelezo yaliyoandikwa na polisi yalisema kijana aliwajia na kisu. Video ya gari la polisi ilionyesha akitembea kwenda pembeni, akiwaacha. Video hiyo ilitolewa Novemba 24, 2015, tena kwa amri ya jaji. Ni siku 400. Katikati hapo mji ulikuwa umeshakubali kuilipa familia dola milioni 5. Jason Van Dyke, aliyefyatua risasi, alitiwa hatiani mwaka 2018.

Video inayomsafisha askari ikitoka kwa siku mbili na inayomtia hatiani ikafichwa siku 400, raia atajifunza nini? Atajifunza kwamba ukimya wa polisi ni ungamo, na kila askari atakayefuata, hata mwema, atahukumiwa kwa ukimya huo. Polisi wa Chicago walioandika maelezo yale ya uongo waliwachafulia jina wenzao kote Marekani kuliko mzushi yeyote wa mtandaoni. Wanaolalamika kwamba askari wanazuliwa mambo wangeanza kwa kudai sheria moja: video ya tukio zito itoke ndani ya siku chache, iwe inamfaa askari au haimfai, na jina lake litajwe na chombo kisicho chini ya mkuu wake wa kazi.

Jambo hili limegusa pia nyumba ambamo watu wanaongea Kiswahili. Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26, alikuwa mkimbizi kutoka Kongo. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, askari Christopher Schurr alimsimamisha huko Grand Rapids, jimbo la Michigan, kwa sababu namba za gari hazikulingana na gari lenyewe. Lyoya alikimbia kidogo, wakakamatana, wakagombania kifaa cha kupiga shoti ya umeme. Schurr akampiga risasi moja kisogoni, akiwa juu ya mgongo wake. Kamera ya kifuani ilizimika katika mapambano, na sehemu ya mwisho tunayo kwa sababu abiria aliyekuwa na Lyoya alirekodi kwa simu. Wazazi wake waliwaeleza waandishi uchungu wao kwa Kiswahili, mkalimani akiwa pembeni.

Polisi wa mji huo walitoa video ndani ya siku tisa, na jina la askari baada ya wiki tatu. Schurr alishtakiwa kwa mauaji. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kukubaliana, na wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hatarudia kesi. Hapo hapakuwa na uzushi wa kufichua. Wazazi wale walikuja na kisa cha kweli, chenye picha, mbele ya watu 12 ambao kila mmoja wao alikuwa ameishi katika nchi ya Ferguson, ya Wappingers Falls, ya Timmonsville na ya Chicago. Siwezi kusema yale yalikuwa na uzito gani katika chumba kile. Ninachoweza kusema ni kwamba familia iliyotoka vitani Kongo ilistahili kusikilizwa na watu ambao masikio yao hayajachoshwa, na wanaoyachosha ni wawili: anayemzulia askari, na askari anayeficha.